Kisogo Hakijibonyezi

Hospitalini, chumba cha mazoezi ya viungo
Tarehe 6 Januari

Mpendwa Kitindamimba,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Sisi wazima. Shemeji yako tangu astaafu udereva amegeuka mkulima wa nyanya. Anazipanda kwenye ndoo kuukuu barazani, ndoo kumi na moja, na kila asubuhi anazizunguka na kuzikagua kama alivyokuwa akikagua matairi. Mpaka leo tumekula nyanya mbili, na moja nusu yake ilikuwa imeoza.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu wewe ni hasara tupu. Nikikuuliza habari unasema "nzuri". Nikikuuliza kazi unasema "ipo". Halafu unasema salio linakwisha, na aliyepiga ni mimi! Tangu utoto wetu, ukweli wako uliuandika tu, hukuusema.

Basi nina maswali mawili. La kwanza, ile sauti yako ya juzi kwenye simu ni ya nini? Ulikuwa ukiongea kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye mtungi. La pili, Redio yuko wapi? Tangu mwanao ajue kuandika, hakuna barua yako iliyonifikia bila mistari yake chini: "Shangazi shikamoo, baba anakudanganya, jana alikula mara tatu." Barua yako ya mwisho imekomea kwenye jina lako. Mtoto tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kugundua kitufe cha kumzimia, leo hana neno hata moja kwa shangazi yake?

Nijibu yote mawili. Usichague lililo rahisi ukaniachia lililo gumu.

Ni mimi dada yako.


Karakana ya makochi
Tarehe 29 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu kwa hizo nyanya. Mwambie shemeji ndoo azitoboe chini, maji yanatuama. Sisi huku hatujambo, kazi ipo. Safari hii nimeiandika, kwa hiyo ni kweli.

Kuhusu sauti. Daktari amesema ni sainasi, yaani vile vijumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso vimevimba na kuziba. Najua vilikozibia. Tangu mwaka juzi nafungua makochi ya ofisi moja kubwa, seti baada ya seti, na hakuna lililowahi kufunguliwa tangu lizaliwe. Ndani nimekuta vijiko vitatu, kitana, meno ya bandia ya juu, na vumbi la miaka ishirini. Meno nimeyaosha nikayaweka dirishani, mwenyewe bado hajajitokeza.

Nikiinama kupigilia misumari, kichwa chote kinahamia usoni. Chini ya macho panauma, meno ya juu yanauma ilhali hayana tundu. Harufu ndiyo nimeisahau kabisa. Gundi yenyewe siisikii, naweza kulisahau kopo lake wazi siku nzima. Daktari amenipa dawa ya kupuliza puani na ameniambia nivae barakoa. Naivaa, ila mara nyingi inakaa kidevuni.

Binti yako anakusalimu.

Mdogo wako.


Hospitalini
Tarehe 18 Februari

Mpendwa Kitindamimba,

Hatujambo. Shemeji yako ametoboa ndoo, na maji yote sasa yako barazani kwangu. Asante sana kwa ushauri wako.

Hizo salamu za Redio ni za kuazima, nimezirudisha kwa mwenyewe. Yeye huandika kwa mkono wake. Lakini tuanze na pua, maana najua pua ndiyo utakayokubali kuizungumza.

Hapa kazini tuna mkandaji, mama mmoja mwenye vidole gumba vinavyoweza kufungua komamanga. Amenifundisha sehemu za kubonyeza kwa mtu aliyezibwa uso, na mimi nimezijaribu kwa nusu ya wafanyakazi wa idara hii. Mkandaji humwambia kila mgonjwa neno hili, nami nakwambia: hii inapunguza, haiponyi. Dawa ya daktari endelea nayo. Na barakoa haikushonwa kwa ajili ya kidevu.

Osha mikono kwanza, nakujua wewe na gundi yako. Kaa kitini, legeza mabega. Nimekuchorea uso nyuma ya karatasi hii. Usiseme unafanana na wa shemeji yako, ndiye aliyekuwa karibu. Anza pembeni mwa pua, pale bawa la pua linapokutana na shavu, pande zote mbili kwa pamoja. Bonyeza taratibu kwa ncha za vidole mpaka pasikike pazito, halafu tulia hapohapo pumzi kumi. Panda kwenye kishimo ambapo nyusi zinaanzia. Kisha kati ya nyusi. Kisha shavuni, chini ya mfupa, ukishuka wima kutoka kwenye mboni ya jicho. Mkononi napo pana mahali, kwenye ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Jicho likivimba, au ukishikwa na homa, hayo yote uyaache na uende kwa daktari siku hiyohiyo. Sitaki ubishi.

Pa mwisho ndipo penye raha kuliko pote. Ni kisogoni, chini ya fuvu, kwenye vile vishimo viwili kushoto na kulia kwa shingo. Hapo mtu hajibonyezi mwenyewe akafaidi, kwa sababu ukiinua mikono mabega yanakaza na kazi yote inaharibika. Kinyozi hajinyoi. Unatakiwa ukae, mtu asimame nyuma yako, akuwekee vidole gumba. Ndani ya nyumba yako yupo mtu mwenye vidole gumba viwili. Mwombe.

Dada yako.


Karakanani
Tarehe 20 Machi

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri uso upone. Usicheke kabla hujafika mwisho.

Uliandika nibonyeze mpaka pasikike pazito. Sasa vidole vyangu, baada ya miaka thelathini ya sindano na nyundo, vimeota sugu, havisikii kitu. Nikafikiri kama fundi. Nikachukua subana, kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni kusukumia sindano. Nikavaa mbili, mkono huu na huu, nikabonyeza pembeni mwa pua pumzi kumi, halafu nikaongeza kumi za kwako kwa heshima. Pakasikika pazito kweli.

Kesho yake niliamka na miduara miwili ya buluu, mmoja kila upande wa pua, na ndani yake vitone vidogovidogo vimejipanga kama vya subana yenyewe. Mteja wa kwanza alisema atarudi siku nyingine. Jirani yangu mchomeleaji akavua miwani yake ya kazi, akaniuliza, "Fundi, nani kakufanya hivi?" Nikamwambia nimejifanya mwenyewe. Akanitazama, akamtazama binti kwenye cherehani, akavaa miwani yake akarudi kwake. Sijui alifikiri nini.

Jioni nilikuta mezani kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kimekunjwa vizuri. Sikuuliza nani amekiweka. Nyumba ina watu wawili.

Sasa natumia vidole vitupu, na nimejifunza kuvisikiliza. Dada, inasaidia. Nikibonyeza kwenye nyusi kabla ya kuanza kazi, uzito unashuka, na wakati mwingine upande wa kushoto unafunguka mpaka napiga mluzi kwa pua. Za mkononi nazifanya nikisubiri gundi ishike. Kisogo nimekitafutia njia: nimechonga kipande cha mbao chenye vinundu viwili, nakiweka ukutani, nakiegemea. Si kibaya.

Binti anaendelea vizuri na kazi. Mishono yake siku hizi imenyooka kuliko yangu.

Mdogo wako.


Hospitalini
Tarehe 11 Aprili

Kitindamimba,

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale kazini na mkandaji wetu amelala juu ya kitanda cha wagonjwa kwa kicheko. Amesema nikwambie kwamba katika miaka yake yote hajawahi kusikia mtu aliyejishona uso.

Nimecheka, na sasa sicheki tena.

Umechonga mbao. Una mtoto umbali wa hatua nne, anakukunjia kitambaa cha maji baridi, na wewe umekwenda kuchonga mbao uegemee ukuta. Mdogo wangu, nyumbani kwako kuna nini?

Sikutaka kukwambia hili, nilitaka uniambie wewe. Redio ameniandikia. Barua ina wiki tatu ndani ya mkoba wangu. Anaomba aje aishi kwangu. Amesikia duka la mapazia karibu na hapa linatafuta mshonaji, anataka aanze mwisho wa Juni. Sababu hajaiandika. Barua nzima ni mistari minne. Yule mtoto! Mistari minne!

Bado sijamjibu. Nisipomjibu atadhani simtaki, nami namtaka hata kesho. Nikimjibu aje, nitakuwa nimekuchukulia mtu wa pekee uliyebaki naye tangu wifi yangu alipofariki. Unaniweka njia panda na umenyamaza. Niambie mmegombana nini.

Dada yako, na shemeji yako anakusalimu.


Karakanani
Tarehe 25 Aprili

Dada, shikamoo.

Kama anataka kuja kwako, aje. Mimi sizuii mtu.

Hatukugombana. Kugombana ni watu wawili. Nilifanya jambo jema, likapokewa vibaya. Hivi ndivyo lilivyokuwa.

Unalikumbuka lile kochi la mtu mmoja, la dirishani, alilokaa wifi yako mwaka mzima wa kuumwa kwake. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kwenye mikono, na pale alipoegemeza kichwa pakabaki doa la mafuta yake ya nywele, kubwa kama sahani. Miaka miwili nimelitazama doa lile nikila chakula changu. Mimi, dada, ambaye watu huwapita mafundi watatu ili wafike kwangu. Mwezi wa kumi na moja binti alikwenda kwa rafiki yake siku mbili. Nikalibeba kochi mpaka karakanani, nikang'oa kitambaa, nikakaza springi, nikabadilisha sponji, nikalivika kitambaa cha kijani kibichi nilichokuwa nimekificha muda mrefu kwa ajili hiyo. Mshono wa pembeni niliufanya kwa mkono. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, hata kwa matajiri.

Akarudi, akaliona. Nikasubiri afurahi. Akauliza, "Kile cha zamani kiko wapi?" Nikamwambia nimekichoma na takataka za karakana. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Toka siku ile ananiambia mambo manne tu: shikamoo, chakula tayari, mteja amekuja, usiku mwema. Siku nyingine matatu. Tunafanya kazi meza moja, ananipa mkasi kabla sijauomba, na haniambii kitu. Basi kama kochi jipya ni kosa la kumhamisha mtu nyumbani kwake, aje kwako.

Kichwa kinauma tena.

Mdogo wako.


Hospitalini
Tarehe 10 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Leo sina habari za nyanya.

Nina swali moja. Kile kitambaa, kabla hujakitia moto, ulikinusa?

Nilipokuja kukaa nanyi baada ya mazishi, kila alasiri nilimkuta mwanao amejikunja kwenye kochi lile, amekunja miguu, pua imezama kwenye lile doa. Siku moja nikamwuliza unafanya nini, akasema, "Mama bado yupo hapa." Nikaondoka nikalia jikoni. Nilidhani unajua. Nilidhani hata wewe ukiwa peke yako unafanya vivyo hivyo. Ilinipasa kukwambia wakati ule, na sikukwambia. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Wewe uliona doa kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi. Pua ulikuwa huna. Kwa hilo sikulaumu hata chembe. Lakini mdomo ulikuwa nao. Mtoto ana miaka ishirini na miwili, anashona nawe meza moja, na hukumwuliza, "Tulibadilishe kochi la mama?" Hilo nakulaumu, na nakupenda, yote mawili kwa pamoja, na yote mawili yananiuma.

Nimemjibu. Nimemwambia mlango wangu uko wazi, ila asitoke kwenu bila kukaa na wewe mkasemezana. Ameniambia tikiti ameshakata, ya Jumamosi ya mwisho wa Juni. Zimebaki wiki sita. Usizitumie kuegemea ukuta.

Dada yako.


Nyumbani
Tarehe 16 Juni

Dada, shikamoo. Na shikamoo ya pili kwa ile barua.

Sikuijibu haraka. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda nayo kazini siku nyingi mfukoni. Kila nilipotaka kumwambia binti neno, nilikuta sijui linaanzia wapi. Kwa hiyo nikafanya lile nililolijua. Nikavaa barakoa, puani safari hii. Makochi ya ofisi yakaisha mwezi uliopita, nikafagia karakana mpaka kwenye mihimili. Dawa sikuiruka. Na asubuhi na mchana nilikaa nikabonyeza, pua, nyusi, mashavu, mkono, pumzi kumi kumi, kama ulivyonichorea.

Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, nikasikia harufu mbaya sana. Nikamfokea mchomeleaji kwamba anachoma nini. Akasema hachomi kitu. Ilikuwa ni gundi yangu! Dada, gundi inanuka namna ile miaka yote, na watu wanakuja karakanani wanakaa wananiongelesha kwa adabu? Nikatoka nje nikanusa kila kitu. Chuma, sabuni ya dobi, jasho langu mwenyewe.

Halafu nikakumbuka swali lako. Nikaacha milango wazi, nikaenda nyumbani, nikapiga magoti mbele ya kochi na kuweka pua pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Palininukia duka. Kitambaa kipya na gundi, basi. Nikahamia kwenye mikono ya kochi, nikahamia chini, nikaingiza pua kwenye mshono. Hakuna kitu. Kazi niliifanya kwa ustadi mno, sikubakiza hata uzi wake mmoja. Dada, mazishini sikulia, unakumbuka, watu wakasema nina moyo mgumu. Nililia Alhamisi. Nililia nikiwa nimekumbatia kochi kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

Binti alikuwa amenifuata, alipoona karakana iko wazi na mimi sipo. Akasimama mlangoni.

"Baba, umeanguka?"

"Nanusa," nikamwambia.

"Unanusa nini?"

"Nilikuwa namtafuta mama yako. Hayupo. Nimemtoa mwenyewe." Halafu nikasema, "Mwanangu, pua ilikuwa imeziba, sikujua. Lakini ningekuuliza ningejua. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikaa sakafuni karibu yangu akalia na yeye, na alipomaliza kulia akaanza kuongea. Dada, aliongea. Miezi saba ya maneno, mchana mzima. Alinisema. Akaniambia kwamba baadaye siku ile alitoka chumbani akakimbia mpaka karakanani na kuchimbua majivu kwa kijiti, akakuta yameshapoa. Akaniambia kwamba kila asubuhi alipanga kuniambia, akaniona nimeinama na misumari mdomoni, akaahirisha. Akaniambia hata zile subana zilimchekesha mpaka alijifungia bafuni, na alikasirika kwa kuwa hakutaka kucheka. Mimi nikasikiliza tu. Karakana ilishinda wazi, na mchomeleaji ndiye aliyefunga.

Sasa kulia kwenyewe kukaniziba pua upya, pande zote mbili, hata kumeza mate ni kazi. Nikaanza kubonyeza nyusi. Akaniangalia kidogo, akainuka, akanikalisha palepale kwenye kochi la kijani, akasimama nyuma yangu. Akasema, "Shangazi aliniandikia kwamba huku nyuma huwezi mwenyewe." Akaniwekea vidole gumba kisogoni. Akasema, "Baba, shingo hii ni gogo au ni shingo?"

Ulisema ndipo penye raha kuliko pote. Hukusema kwamba mtu aliyesimama nyuma yako humwoni uso, na kwa hiyo unaweza kumwuliza chochote. Nikamwuliza. Safari hii nilimwuliza, dada. Nikasema, "Unataka kwenda kwa shangazi yako, au unataka kubaki? Nijibu unalolitaka wewe."

Vidole vikashuka kutoka kisogoni mpaka mabegani.

"Nataka kwenda, baba," akasema. "Ila mwanzo nilikuwa nakimbia. Sasa nakwenda."

Nikamwambia sawa. Si neno nililotaka kulisema, lakini ndilo lililotoka, na nilipolisikia nikaona ni la kweli. Akaendelea kunibonyeza mpaka upande wa kushoto ukafunguka.

Basi mpokee kituoni Jumamosi hiyo. Mimi nitamsindikiza huku mpaka apande gari. Ukimwona anashuka, tafadhali usimwambie kwamba baba yake alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Bado sijalia, lakini najijua.

Mdogo wako.

Shangazi shikamoo. Baba anakudanganya, ameshaanza.